Onora Kinsella, Mfagiaji

Asubuhi ya Dublini,
ndoo yangu mkononi,
nikashuka ngazi chini:
sefu wazi! Nikaruka.

Nikamwambia Mlinzi
wa vito vyote vya enzi;
hakufukuza hata nzi.
"Vyema," siagi apaka.

Siku nne zikapita
ndipo kengele kuita:
zile lulu, ile nyota,
zote zimeshatoweka.

Funguo zote, ni mbili,
zi ndani ya suruali
yake; na hana dalili
ya nani alizishika.

Tume ikaketi juma,
nikingoja pale nyuma;
sikuitwa kuyasema.
Karani akaandika:

"Hapana wa kulaumu,
ila kitasa kigumu."
Ripoti ikahukumu,
jalada likafungika.

Lakini sabuni yangu
ilipotea, wenzangu:
zikakatwa pesa zangu
siku hiyo, bila shaka.