Neno la Tisa

Shinuna ana jaribio la tahajia Jumapili.
Neno la tisa: koronesheni.
Amelileta karakanani kwangu, hapa Ibra,
nimeinamia gego la bibi yake,
unga wa kauri umenijaa kope.
"Baba, maana yake nini?"

Kutawazwa, nikamwambia.
Bi Mauzi, kwenye kiti cha plastiki mlangoni,
akadakia bila kugeuka:
"Mimi natawaza mara tano kwa siku,
na birika langu halijaniita malkia."

Basi nikaanza upya, polepole,
kama ninavyochonga.
Warumi walisema korona. Walilitoa kwa Wayunani,
ambao kwao lilikuwa chochote kilichopinda:
ncha ya upinde, mpini wa mlango,
mdomo wa kunguru, na kunguru mwenyewe.
Kabla ya dhahabu, mwanangu, lilikuwa jani,
kitawi kibichi kilichokunjwa
mpaka kichwa kikauma mkia.
Kisha likaja koronare, kuvika;
kisha kile kishazi kirefu cha mwishoni
Waingereza walichopokezwa na Wafaransa
wakakitunza, ili wewe ufeli Jumapili.

"Na hili?" Akaligusa gego.
Na hili. Taji la jino. Neno lilelile,
ila hili natoza riali.

Akanyamaza. Alikuwa na miaka sita
mwaka ule wa milango kufungwa,
tulipomuaga babu yake kwenye kioo cha simu,
nesi ameishika kwa glovu mbili.
"Kwa hiyo korona ile..."
Ndiyo. Waliitazama kwa hadubini,
wakaona miiba imeizunguka kama miale.
"Wakaivika taji?"
Wakaivika.
"Kwa kazi gani?"

Nikapuliza vumbi ambalo halikuwapo.

Nikageuza maneno, kama baba yeyote mwoga.
Warumi, nikasema, walikuwa na mataji mengi.
Ya dhahabu walipata wengi. Moja lilikuwa adimu:
la ukoka, uliong'olewa palepale
jeshi lilipozingirwa, mtu mmoja akalitoa.
Halikutoka kwa mkubwa yeyote.
Walilisuka wale waliookoka,
udongo ungali mizizini.

"Ukoka!" Bi Mauzi akacheka,
kiganja mdomoni, kuficha pengo.
"Kwetu kilemba cha ukoka
huvikwa mjinga anayependa sifa."

Kesho yake daktari akamgandishia taji lake.
Akauma kikaratasi, akauma tena,
akaomba tende ya khalasi ili awe na hakika.
Shinuna alikuwa ukingoni mwa falaji.
Alikuwa anang'oa ukoka, anaupinda, unafunguka,
anaupinda tena, magoti yameloa.
Akaja akamvika bibi yake juu ya shela.
"Wewe ndiye uliyebaki," akasema.

Bi Mauzi hakucheka. Alikaa nalo
shingo imenyooka, majani yakimwagia mchanga begani,
mpaka adhana ya magharibi.
Alipokwenda kutawaza
alilitundika kwenye mpini wa mlango.
Mbuzi wa jirani akalila, mizizi na udongo.

Jaribio, Shinuna alipata tisa kwa kumi.
Neno aliloangusha ni lile.
Aliliandika kwa K,
kama Wayunani, kama sisi.