Papa Mkavu, Ghorofa ya Pili

Al-Khuwair, Jumatano, baada ya Isha.
Chini ni duka la mapazia, juu ni sisi:
wanawake saba na kioo kimoja kirefu
kisichojua adabu.

Abaya zimening'inia mlangoni
kama wageni waliokataa kuingia.
Madirisha tumeyaziba kwa kitambaa kizito;
mwenye duka alituuzia kwa bei ya jirani,
hakuuliza.

Mimi Shinuna binti Khalfan, miaka hamsini na tisa,
mhasibu mstaafu wa idara ya maji,
nimevaa viatu vya ballet, rangi ya waridi,
namba arobaini na moja,
vilivyoagizwa mara mbili,
maana mara ya kwanza walidhani nimekosea.

Dada yangu Thuwaiba aliposikia, simu ilinyamaza
hata nikadhani mtandao umekatika.
"Shinuna," akasema, "samaki hukunjwa angali mbichi."
Nikamwambia najua.
Nikamwambia ubichi niliuaga zamani,
hatukugombana.

Mwalimu wetu Ketevan ni wa Tbilisi.
Miaka thelathini na minne anafundisha.
Nyonga yake moja ni ya chuma,
uwanja wa ndege humpigia kengele kila akienda kwao.
Hupita nyuma yetu bila kishindo,
kidole kimoja mgongoni,
pale pale uongo ulipo.
Mwenzake, Lourdes wa Manila, ndiye mwenye muziki;
hutusogeza magoti kwa upole
kama anayepanga vikombe vya mgeni.

Lugha ya darasa ni pilau:
Kifaransa, Kiarabu cha sokoni,
na mimi na Zayana pembeni, Kiswahili cha mama zetu.
"Tandu," asema Ketevan,
na mguu wake unateleza mbele, kidole kikiburura sakafu
kama kalamu isiyotaka kuinuka.
Tandu! Zayana akaangua kicheko.
Yule mdudu ana miguu tele,
na sisi miwili tu imetushinda.

Goti la kulia hulia,
kufuli la sanduku kuukuu.
Kukunja, taratibu, mgongo wima,
kama unayeshuka kwenye falaji
bila kulowesha pindo.
Mimi nililelewa kukunja vingine:
nguo, ulimi, kope mbele ya wakubwa.
Goti nililikunja kwa Mungu tu,
na miaka miwili hii hata Kwake naswali kitini.
Kiti bado kipo.
Alfajiri ya leo nilikisogeza nyuma,
hatua moja, si zaidi.

Ijumaa, jikoni kwangu Mawaleh,
niliroweka papa mkavu.
Mgumu kama mlango wa ngome, chumvi imemtoka meno.
Nikammiminia maji ya moto, nikamwacha.
Jioni nikamgusa kwa kidole.
Nikampigia Thuwaiba.
"Na mkavu je?"
"Mkavu nani?"
"Papa."
Kimya. Nikasikia bangili zake zikigongana.
"Mkavu hurowekwa," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeitwa shahidi
kwenye kesi asiyoijua.

Juzi Ketevan alisema: achieni ufito.
Mikono mbele, mviringo,
kama umekumbatia mtungi usiokuwepo.
Mguu mmoja.
Kwenye kioo mwanamke mnene mwenye nywele za hina
alisimama juu ya mguu wangu.
Moja.
Kipoza hewa kikadondosha tone.
Mbili.
Sikujua kuwa nyayo ina watu wengi hivyo ndani yake,
wote wakibishana, wote wakishika zamu.
Tatu, na Zayana akapiga chafya,
nikaenda begani kwake, yeye kwa Nasra,
Nasra kwenye pazia, pazia likashuka na fimbo yake,
na kwa kitambo kidogo barabara nzima ya Al-Khuwair
ingeweza kutuona.

Ketevan hakucheka.
Alipanda kiti na nyonga yake ya chuma,
akalirudisha pazia.
"Tena," akasema.
Lourdes akarudisha muziki mwanzo.