Mgongo Una Kipimo Chake

Nilikwenda Tangamano na kibali mfukoni,
muhuri mbichi, wino ungali unanukia,
na pesa za miezi minne ya kushona viatu vya watu.
Mbelwa alikwisha piga simu kutoka Handeni:
"Bunduki ni yangu, kongoni ni wa Mungu.
Wewe lete mgongo, na kitu cha kuuvisha."

Nikalitaka lile la mabaka ya majani,
lenye mifuko kumi na minne na zipu zinazocheka.
Bi Mwantumu akalivuta, akalikalia.
"Hili utalivaa mpaka Chumbageni tu.
Kituoni watakuuliza umetoroka kikosi gani.
Na zipu zinazocheka, mwanangu, zitacheka na porini.
Mnyama ana masikio."

Akachukua futi ya fundi cherehani,
namba zake zimefutika kuanzia sitini.
"Inama shingo." Kidole chake kikatafuta
ule mfupa unaochomoza pale kola inapokaa,
kikashuka pingili kwa pingili
hadi usawa wa nyonga.
"Arubaini na sita. Wewe mrefu wa miguu,
mgongo wako mfupi.
Watu wengi hununua begi la miguu yao."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akatoa la kijivu, lililopauka mabegani,
lenye fremu nyepesi na mkanda mpana wa kiunoni,
ndani jina la mtu, kwa herufi nisizozijua.
Nikalinusa: sabuni ya ugenini, moshi,
na kitu kama kutu, au damu ya zamani.
"Tupu halikwambii neno," akasema.
"Likiwa tupu, kila begi ni zuri."
Akamwita kijana wa duka la nafaka
alete sembe, kilo ishirini na tano.

Tukaisimamisha ndani, ikaegemea uti wa mgongo.
Nikakaza mabega kwanza, kama mtoto wa shule.
Akanipiga kofi la mkono. "Kiunoni kwanza!
Hukubebwa kwa mbeleko wewe?
Mama yako alifunga fundo wapi, shingoni?
Nimelea saba, na mkonge nimekata Pongwe.
Mzigo ukiukaribisha mabegani
utadai na kichwa.
Uketishe nyongani. Mabega kazi yao
ni kuushika mkono usipotee."

Nikatembea. Mpaka relini na kurudi,
jua la saa sita likinigonga utosini,
wanywa kahawa wakinihesabia hatua:
"Huyo kafukuzwa na mkewe."
"Huyo anahamia mwezini."
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo,
lakini huu ulikuwa wangu, na ulinishangaza:
chini ya mikanda ya mabega nilipitisha vidole viwili, na hewa ikapita,
na kilo zile zote zimeketi juu ya nyonga
kama wageni waliopewa jamvi,
hawasukumani.
Nikafikiri paja la kongoni. Nikafikiri usiku,
kichaka cha kilomita tisa, maji nusu chupa,
na kwamba kupiga ni kufumba jicho moja;
kubeba ndiyo uwindaji.

Ndipo mfuko wa sembe ukafumuka mshono.
Niliisikia ikiteremka, kimya, ya uvuguvugu,
ikatafuta upenyo kwenye zipu ya chini.
Nilifika kwa Bi Mwantumu na mstari mweupe nyuma yangu
toka relini, na kuku wawili wanaufuata.

Nililipa begi. Nililipa na sembe.
Nikashika njia ya Ngamiani, barabara ya kumi na tisa,
mkanda umekaza, watoto wameacha gololi kunitazama,
na mama mlangoni, mikono ina povu la vyombo,
akanipima kwa macho kutoka kola hadi nyonga.
"Umewinda nini?"
"Sembe."
Akazunguka nyuma, akakung'uta, akaonja kidole.
"Kinono," akasema. "Mwambie Mbelwa
sisi tumeshaanza kula."