Kosa Nililoagizwa

Tisini na saba.
Baba, kwenye simu ya mlinzi wa shule, akanyamaza kidogo,
kisha: "Na hizo tatu zimeangukia wapi?"
Nikaanza kuzitafuta.

Nilizitafuta usiku, blanketi kichwani, tochi mdomoni,
nikinakili upya daftari la kemia
kwa sababu ya herufi moja iliyolala vibaya.
Nikafuta, nikafuta, karatasi ikatoboka,
ukurasa wa chini ukanichungulia tunduni.
Nikachana zote mbili.
Chakula kikanipita. Usingizi ukanipita.
Siku ya mtihani wa majaribio mkono ukagoma:
saa tatu nzima nimeandika jina tu,
Driciru,
kwa mwandiko mzuri ajabu.

Ndipo nikapelekwa kwa Mwalimu Ayikoru,
chumba cha nyuma, zamani stoo ya michezo,
bado kina mipira isiyo na upepo
na nyavu zilizoliwa na panya.
Nilijiandaa kwa hotuba. Aliniuliza nimekula nini.
Kisha akakaa kimya, si kimya cha Baba,
kimya chenye nafasi ya mtu kuketi.
Nililia hadi kengele ya chakula.

"Nina kazi yako," akasema. "Ukurasa mmoja,
kwa wino. Ndani yake uache kosa.
Usiliguse. Niletee Alhamisi."

Kosa! Siku tatu lilinihangaisha.
Nililijaribu katika rasimu nne.
Mwishowe nikaandika *kiti yangu*,
kama tusemavyo sokoni Arua,
nikalipigia mstari kwa rula.

Alisoma, akacheka hadi miwani ikamdondoka.
"Driciru, kosa hili umelipiga pasi!"
Nami nikacheka, kwanza kwa aibu,
halafu sijui kwa nini.
Akaokota miwani, akaipangusa kwa kitenge.
"Waswahili wanasema kosa moja haliachi mke.
Wewe mbona unajipa talaka kila siku?"

Sijapona, nisiwadanganye.
Jana saa kumi alfajiri nilikuwa macho,
nazihesabu tatu zile kama mtu aliyedhulumiwa chenji.
Lakini asubuhi, katikati ya fizikia,
kalamu ikatema doa, jeusi, kama mbegu ya papai.
Vidole vikashika ukingo wa karatasi kuichana,
vikasita.
Nikaliacha palepale,
nikaandika kulizunguka,
kama mto Enyau unavyopita jiwe
bila kuliomba radhi.