Mita Sita Nukta Nane

Baba alikubali nusu.
Nunua, akasema, ila chombo hakitobolewi.
Miaka thelathini na mmoja nakitia kalafati
maji yasiingie, leo nikupe keekee
uyafungulie mlango?

Nikapanda basi la alfajiri hadi Tartu
na pesa ya mashada arobaini ya vitunguu
yaliyoning'inia ukumbini tangu Septemba.
Mikono ilinuka. Urmas wa dukani hakusema kitu,
akanionyesha kipima-kina cha kufika mita mia tano.
Kaka, nikamwambia, Peipsi likizidi sana ni kumi na tano;
huko kwingine nitaona nini,
zaidi ya mwamba na madeni yangu?
Akacheka. Akashusha cha rafu ya chini:
kioo kama kiganja, waya wa mita sita,
na kihisi cheusi, kidogo kuliko kiatu cha mtoto.

Kama mashua yako ni ya plastiki, akasema,
kigundishe ndani, sauti itapenya.
Ni ya msonobari.
Basi haitapenya. Mbao hula mwangwi.

Mbao hula mwangwi. Nilirudi na neno hilo
njia nzima, nikitazama misonobari
imesimama pande mbili za barabara,
kimya, imeshiba.

Jumamosi tukainamia tezi.
Siyo karibu na rafadha: pale maji ni povu,
na kihisi kikisikiliza povu kitasema uongo.
Siyo nyuma ya ubavu. Siyo juu mno,
mashua ikiinuka kitabaki kikipima upepo.
Baba alizunguka, penseli sikioni, hanisikilizi.
Akaingia bandani, akatoka na kipande cha mwaloni,
mlango wa sauna ya zamani,
bado una kovu la bawaba.
Gundisha huu, akasema. Kisha toboa huu upendavyo.
Kidonda aupate ubao, siyo mashua.

(Urmas hakunifundisha hilo. Wala karatasi ya maelekezo,
yenye lugha kumi na tisa.)

Siku mbili gundi ikakauka.
Tukasukuma, tukawasha.
Sifuri nukta nne. Thelathini na moja. Vistari vitupu.
Thelathini na moja tena, hapo tulipo, kasia likigusa chini!
Baba akatazama mbingu kwa adabu, asinitazame mimi.
Nikapiga magoti, nikafuata waya kwa vidole
hadi nilipoukuta umelalia waya wa injini,
wanasengenyana. Nikautenga, nikaupitisha kushoto,
nikakaza fyuzi. Tukaenda mbele kidogo.

Mita sita nukta nane.

Akaitoa bildi yake chini ya kiti.
Risasi yenye shimo kitakoni, shimo lina mafuta ya nguruwe,
kamba ina mafundo. Akaishusha,
midomo ikihesabu bila sauti.
Pungufu kidogo ya saba, akakubali,
kama mtu anayelipa faini.
Kisha akaigeuza: ndani ya mafuta,
mchanga wa kijivu na kigae cha kome.
Akaisogeza mbele ya kioo,
kama unavyomwonyesha polisi kitambulisho.
Na hili umeliona?

Nilitaka kumweleza kwamba mstari mnene
maana yake ni chini kugumu.
Upinde ukatokea. Kisha mitatu.
Akavaa miwani.
Hao nani?
Koha, labda. Au povu letu wenyewe.

Kurudi Kolkja hakuinua macho.
Mimi nasoma namba, yeye anaijibu.
Saba nukta moja. Hapo ni Shamba la Stepanida.
Tano nukta tisa. Mgongo wa Jiwe, pita kulia.
Saba kamili.
Akanyamaza kidogo.
Kitanda cha Kuprijan.

Hakueleza ni nani, na injini ilikuwa inapiga kelele.
Nikabonyeza kitufe cha kuweka alama.
Mashine ina nafasi ya herufi nane tu.
Nikaandika KUPRIJAN,
kitanda kikabaki majini.