Tundu la Milimita Sita

Wiki ya kwanza pale Águeda walinipa meza jirani na choo,
kompyuta iliyokoroma kama mwenye pumu,
na fremu ya kike, namba 417, niirekebishe kiuno.
Nikaichora usiku kucha. Nikaipenda.
Mabomba mawili yalikutana kwa pembe kali,
kali kama ulimi wa mama siku za mwisho wa mwezi.

Bwana Abílio aliitazama akipiga miayo:
"Mpelekee Graciete."

Dona Graciete, miaka thelathini na mmoja kwenye moto,
mikono ina madoa kama yai la kware.
Mchoro hakuugusa.
Aliyabana mabomba mawili kwa pembe ileile yangu,
akanivisha glavu yake, akanishikisha tochi iliyozimwa.
"Haya, chomelea. Mkono unapita wapi?"

Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia,
nikabaki na kulia tu.
"Miaka yote nawachomelea watu wa kalamu," akasema.
"Kalamu haina kiwiko."

Basi nikafagia vyuma. Nikahesabu spoku.
Nikanywa supu ya kabichi kantini na watu wa rangi,
ambao hata chafya zao zilikuwa za kijani.

Agosti zikarudi fremu tatu kutoka kaskazini,
nje zinameta kama bibi harusi,
ndani zimeoza.
Nikainua moja, nikaitikisa:
maji yakacheka tumboni mwake.

"Tuitoboe chini," nikasema.
Abílio akauliza senti ngapi.
Graciete akauliza wapi,
kisha akanisogeza kidole upana wa punje ya mchele:
"Hapa. Pale ni mshono wangu."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya miezi mitatu.
Chuoni mwalimu alipekua ripoti, kurasa arobaini,
akataka picha.
Utapigaje picha ya mahali pasipo na kitu?

Novemba ya mwaka uliofuata, Porto, mvua haina adabu.
Nje ya duka la mikate imeegemezwa 417, ya bluu,
kikapu kimejaa vitunguu.
Nikachuchumaa.
Nikangoja.
Tone.
Kimya kirefu, nikaanza kuwa na shaka.
Tone.

Mwenyewe akatoka, mkate kwapani:
"Umedondosha kitu, binti?"
Nikasema hapana, nafunga kamba tu,
nikaendelea kuifunga
kwenye buti la mpira lisilo na kamba.