Majani Kumi na Moja

Gari la baba lilitoka kiwandani na majani saba kila pembe,
saba ya chuma, yamelaliana
kama ndugu kitanda kimoja wakati wa theluji.
Mwaka farasi dume alipokufa, akaongeza la nane.
Mwaka mama alipohamia Bishkeki, la tisa.
La kumi sijui kisa chake.
La kumi na moja alilifunga usiku,
jirani yetu Tolgobek akimshikia taa,
na alfajiri akasema: Sasa halibonyei tena.

Kweli, halikubonyea.
Lilidunda.
Kila mtaro wa bonde la Suusamyr ulipanda hadi kwenye meno yetu,
dumu la kumisi likatutemea povu magotini,
na pale korongoni, penye mawe mekundu,
tairi moja la nyuma lilining'inia hewani
likizunguka, likizunguka,
na mwenzake wa ardhini amesimama tu.
Ndivyo difu ilivyo:
humpa vyote asiyeshika kitu.

Mwezi wa tano walimlaza baba hospitali kwa ajili ya nyonga.
Nikaingia chini ya gari.
Kwanza nilipima: jeki kushoto, juu, juu tena,
mpaka la kulia lilipoanza kuagana na udongo.
Sentimita kumi na moja.
Moja kwa kila jani! Nikacheka peke yangu.

Nati za yu-bolti zilikuwa zimeoana na kutu;
talaka yao ilichukua siku nzima na mafuta ya taa.
Senta bolti ilipolegea, majani yakafyatuka,
yakapumua vumbi la barabara ambazo sikuwa nimezaliwa.
Nikatoa manne kila pembe.
Vibano vilivyoyafunga yaliyobaki nikavikata.
Ncha nikazisaga kwa grainda, zikawa duara
kama kucha za mtoto mchanga,
jani lisije likamkwaruza mwenzake anapojinyoosha.
Grisi nyeusi katikati. Bushi mpya.
Shekeli ndefu kuliko za zamani kwa vidole viwili.
Shokapu za lori bovu la Tolgobek, kwa bei ya kondoo.

Hozi ya breki niliisahau.
Nilipolikunja gari juu ya gogo kulijaribu
niliiona imenyooka kama uzi wa komuzi,
imebakiza sauti moja tu, ya mwisho.
Nikashusha jeki taratibu
nikakaa chini kwenye nyasi,
nikaiangalia mikono yangu ikitetemeka.
Siku tatu nikingoja hozi nyingine kutoka Kara-Balta.

Halafu korongo.
Gia ya kwanza, ile nzito, mguu mbali na breki.
Tairi likashuka kwenye shimo
kama mtu anayekitafuta kidato gizani kwa kidole cha mguu,
likakipata.
Upande wa pili ukapanda jiwe. Bodi ikabaki imetulia.
Yote manne chini, yote manne yakitafuna kokoto,
na dumu nyuma yangu halikusema neno.

Sitadanganya. Ukilipakia magunia kumi ya shayiri
hukalia mkia kama mbwa anayeomba mfupa.
Kwenye lami, kona hulilaza;
Tolgobek anasema linatembea kilevi,
na anasema kweli.

Baba alirudi na fimbo.
Alilizunguka gari mara mbili bila kunisalimu,
akainama kwa shida, akahesabu kwa kidole.
Saba. Akahesabu tena.
"Begayim, mengine yako wapi?"
Nikamwonyesha ukutani, nyuma ya matandiko ya farasi.
Nikangoja aniamuru niyarudishe.

Akachagua moja, akalipima uzito kiganjani,
akaligonga kwa ukucha. Likalia.
"La kumi hili," akasema. "Nalijua kwa alama yake."
Alama ya nini, hakusema.
Akalifuta kutu kwa mkono wa koti lake jipya la hospitali.
"Litatoa kisu kizuri cha kwato.
Washa moto."